Je, mwanangu anasikia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilijifungua Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya corona kutangazwa nchini. Mtoto alizaliwa njiti, akapata manjano makali hadi akawekwa chini ya taa, na akachomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Niliambiwa nimpeleke Mbeya baada ya wiki nne apimwe masikio, lakini kwa hofu ya corona sikwenda. Sasa ana miezi mitano. Bibi yake anasema anasikia, kwa kuwa sufuria ikianguka jikoni anashtuka. Ila mvua ikipiga bati kwa kishindo, yeye ananyonya tu kana kwamba kumetulia. Je, nimechelewa?
Mama Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa hofu uliyoibeba miezi yote hii. Muda bado upo, lakini usiongeze hata wiki moja. Utaratibu unaopendekezwa ni mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6, kwa sababu ubongo hujifunza lugha mapema mno.

Kwa heshima zote kwa bibi, sufuria si kipimo. Sakafu hutikisika, na mtoto asiyesikia huhisi mtikisiko huo. Wala usitulizwe na vile anavyotoa visauti vya kitoto, maana hata watoto viziwi hutoa visauti hivyo katika miezi ya mwanzo.

Kipimo cha kawaida ni kizibo laini kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala. Hutoa sauti ndogo, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi ambao mashine huunasa. Hakiumi, na huchukua dakika chache. Hapa naomba unisome kwa makini: jentamaisini huweza kudhuru sikio la ndani lenyewe, ilhali manjano makali huweza kudhuru mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, hivyo mtoto aliyeugua manjano anaweza kufaulu kipimo cha mwangwi na bado asisikie sawasawa. Kwa hiyo omba pia kipimo cha mshipa huo, ambacho hutumia vibandiko kichwani. Akishindwa mara ya kwanza, usilie bado. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huweza kusababisha hivyo, naye hupimwa tena.

Kuhusu corona, vaa barakoa, nawa mikono, nenda wewe na mtoto tu, na uulize mapema siku ya kliniki ya masikio, pua na koo ili usikae foleni ndefu. Ikithibitika hasikii, kuna vifaa vya kusaidia usikivu, kuna Lugha ya Alama, na Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017.

Beba kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na umtajie mpimaji mambo matatu hata asipouliza: njiti, manjano, jentamaisini.