Kaka alipanda lori Mafinga, Tunduma hakufika

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu alikuwa mshika msumeno kwenye dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, Mafinga. Machi 2019 alipanda lori la mbao kwenda Tunduma kudai hela yake kwa mnunuzi. Jioni alipiga simu, akasema wamesimama Igawa wanakula. Basi, hatukumsikia tena. Tuliripoti polisi hapa Makambako, tukapewa karatasi ya RB, yenye namba ya taarifa yetu, nayo imepotea. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi unaendelea. Sasa baba mkubwa anataka tuweke matanga na shamba la kaka ligawanywe. Mama hataki kusikia. Wifi yangu hajui kama ni mke au mjane. Na kuna lambalamba, mganga wa kufichua wachawi, kawaambia vijana wa ukoo kuwa muuaji ni dereva wa lile lori. Tushike lipi? – Dada mtu, Makambako.

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nahesabu mikoa. Mafinga ni Iringa. Makambako mliporipoti ni Njombe. Igawa aliposikika mwisho ni Mbeya. Tunduma alikokuwa anakwenda ni Songwe. Barabara ni moja na safari ni ya siku moja, lakini hapo kuna makamanda wanne wa mikoa na wapelelezi wakuu wanne. Nimefanya kazi hiyo ya polisi hadi nikastaafu, najua kinachotokea: kila kituo kinaamini jalada liko kwa mwenzake. Hiyo "upelelezi unaendelea" mara nyingi maana yake ni kwamba karatasi imelala kabatini Makambako, wala haijawahi kuvuka Igawa.

Kwa hiyo anzia hapo. Karatasi ya RB kupotea si mwisho, kitabu cha taarifa kinabaki kituoni. Nenda na tarehe mliyoripoti, waombe waitafute namba. Ukiipata, andika barua kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Njombe, nakala kwa mwenzake wa Mbeya, uulize jambo moja tu: jalada la ndugu yetu liko kituo gani na mpelelezi wake ni nani? Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Maneno ya kaunta hayaachi alama.

Halafu nikuulize. Siku ile mlieleza nini kuhusu kaka? Ninaweza kubashiri: mrefu wa kiasi, maji ya kunde, shati la bluu.

Nisikucheke, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Nikiwa konstebo mchanga, wilaya siitaji, tuliokota mwili wa mwanaume kando ya mto, nami ndiye niliyeandika. Niliandika: mwanaume, mtu mzima, mweusi, amevaa suruali. Mweusi! Wilaya nzima ile nani hakuwa mweusi? Mguuni alikuwa na buti la mpira lililopasuka kisigino, likashonwa kwa waya wa shaba, mishono saba. Niliihesabu kwa macho. Sikuiandika, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na dereva anapiga honi. Halmashauri ikamzika. Miaka minne baadaye, mimi nimeshahamishwa, mama mmoja alifika kituoni akasema buti la mwanawe alilishona yeye mwenyewe kwa waya. Aliyempokea akafungua jalada, akaona "suruali", akamrudisha nyumbani. Habari hiyo niliipata kantini, kwa mtu aliyekuwa anapiga soga tu. Wakati huo mama mwenyewe alishazikwa.

Sasa wewe: kaka wa dingdong, vidole vyake vilikuwa vyote kumi? Kuna jino lililong'olewa? Kovu la msumeno? Simu ilikuwa ya aina gani, namba gani, nani alimpigia siku ile? Lori lilikuwa la rangi gani, mbao ni za nani? Rudini mkaandike maelezo ya nyongeza, kila mtu ya kwake, mama peke yake. Kesi ya mwandishi Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, ilikuwa na picha za tukio lenyewe na watu walioshuhudia, na hata hivyo hukumu ilikuja 2016. Yenu haina picha. Ina kumbukumbu zenu tu, na zinafifia. Kosa la mauaji haliishi muda, shahidi ndiye anayeisha.

Kuhusu lambalamba nitasema kidogo. Dereva ndiye shahidi wenu mkubwa, labda ndiye wa mwisho kula na kaka yako. Vijana wakimgusa, mtakuwa na majalada mawili, na la pili litapelelezwa haraka sana.

Baba mkubwa naye asubiri. Sheria yetu ya ushahidi inasema mtu asiposikika miaka mitano kwa wale ambao wangepaswa kumsikia, anayedai yu hai ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha. (Ile saba mnayoisikia ni ya Kenya.) Mitano yenu imepita, ila muhtasari wa kikao cha ukoo hauwi hukumu. Mahakama ndiyo itamke, kisha mirathi ifuate, shamba likiwemo. Wifi yako pia: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua amri ya mahakama kwamba mwenzi anadhaniwa amekufa. Kabla ya amri hiyo yeye ni mke. Na amri haimlazimishi mama kuweka matanga, wala haifungi jalada la polisi. Mwambie hivyo kwa upole, huenda hofu yake ndiyo hiyo.

La mwisho, na hili lifanye leo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Mbeya kwa kanda yetu, na vinasaba vya mama vinaweza kulinganishwa na vya mwili usiotambuliwa. Hamuendi wenyewe, mnapitia polisi au mahakama. Kama kaka aliacha kofia ya sufu ya baridi, au kitana, msikifue. Kitieni kwenye bahasha ya khaki, si mfuko wa nailoni, maana nailoni inatoa jasho na kitu kinaoza. Andikeni tarehe juu yake, na jina la aliyeifunga.