Hadubini inaona bakteria, PCR inasema hakuna: tatizo liko wapi?

Swali: Tumeanza kutumia PCR (kipimo kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane) kutambua bakteria wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, moja kwa moja kwenye mkojo, bila kusubiri kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara. Kuna sampuli ambazo hadubini inaonyesha bakteria tele lakini PCR inatoka hasi. Nyingine zinatoka chanya kwa spishi tatu au nne kwa mpigo. Tunakosea wapi?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni la maandalizi ya sampuli, la pili ni la usomaji wa majibu.

Tuanze na hasi za uongo. Mkojo wenyewe huzuia PCR: urea na chumvi hudhoofisha polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, kwa hiyo msitie mkojo mbichi kwenye mrija. Changanyeni sampuli vizuri, chukueni mililita 1, izungusheni kwenye sentrifuji kwa nguvu ya takriban 10,000 g (mara 10,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 5, mwageni maji ya juu taratibu, kisha osheni mashapo kwa bafa ya fosfeti kabla ya kutoa DNA.

Kila mrija uwe na DNA ya udhibiti wa ndani, yaani DNA mnayoijua mnayoiongeza ili kupima kama PCR inafanya kazi, kwa kiasi kilekile. Ikichelewa kuonekana kwa mizunguko 2 au 3 kuliko kwenye mrija wa maji, sampuli hiyo imezuiwa na jibu lake la hasi halifai kutolewa. Punguzeni makali ya DNA mara 10 kwa maji safi, mrudie. Kwa kawaida kupunguza mara 10 huchelewesha Ct (mzunguko ambao DNA inaanza kuonekana; ndogo maana yake DNA ni nyingi) kwa mizunguko 3.3 hivi; ikibaki palepale au ikishuka, basi kizuizi kilikuwepo.

Udhibiti wa ndani ukiwa sawa na jibu bado ni hasi, tazameni rangi ya Gram, inayotenganisha bakteria kwa aina ya ukuta wao. Enterococcus faecalis na Staphylococcus saprophyticus wana ukuta mnene, na kuwachemsha tu mara nyingi hakutoshi. Lisozaimu, kimeng'enya kinachokata ukuta wa bakteria, humsaidia Enterococcus kupasuka, lakini Staphylococcus huihimili. Mimi ningetumia shanga ndogo za kioo za milimita 0.1 kwa sampuli zote, maana hamjui mapema mtakutana na nani. Hakikisheni pia kwamba praima zenu (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kuanzia kunakili) zinamlenga bakteria mnayemwona. Kipimo hakimwoni asiye kwenye orodha yake.

Sasa hizo chanya nyingi. PCR inahesabu DNA, haijui nani anayesababisha ugonjwa wala nani mpita njia kutoka kwenye ngozi au uke. Kwa hiyo msiandike "chanya" bila kuangalia kiasi. Tuseme Escherichia coli ametokea kwenye Ct 19 na E. faecalis kwenye 36. Tofauti ni mizunguko 17, na kila mzunguko huongeza DNA karibu maradufu: DNA ya E. coli ni zaidi ya mara 100,000 ya ile ya E. faecalis. Kumripoti huyo wa pili kwa uzito uleule ni kumpa mgonjwa dawa asiyoihitaji. Tengenezeni mstari wa ulinganisho kwa bakteria waliohesabiwa, kuanzia 1,000 hadi 10,000,000 kwa mililita, kisha mpange kikomo chenu kwa kulinganisha na majibu ya kuotesha. Kikomo cha zamani cha bakteria 100,000 kwa mililita kisishikiliwe kama sheria: kwa mwanamke mwenye dalili, hata E. coli 1,000 kwa mililita wanaweza kuwa chanzo.

Kila mara muwe na mrija wa maji uliopitia hatua zote za kutoa DNA. Polimerasi nyingi hutengenezwa ndani ya E. coli, na mabaki ya DNA yake yanaweza kujitokeza kwenye mizunguko ya mwisho. Mkojo nao usikae nje zaidi ya saa 2. Ukichelewa, uwekwe kwenye nyuzi 4, usizidi saa 24. Na msitumie PCR kuthibitisha kupona, kwa sababu DNA ya bakteria waliokufa hubaki baada ya dawa.

Kusoma jeni ya 16S, ambayo bakteria wote wanayo na hutofautiana kati ya spishi nyingi, kunafaa pale penye usaha lakini kuotesha na PCR vyote ni hasi. Kwa njia ya Sanger (ya kusoma mfuatano mmoja wa DNA kwa wakati), spishi zikiwa mbili alama hupandana na jibu halisomeki. Tena 16S haitenganishi E. coli na Shigella.

Kuotesha msikuache. Kupata blaCTX-M, jeni ya usugu, ni onyo kubwa dhidi ya antibiotiki ceftriaxone, ila kuikosa hakumaanishi dawa itafanya kazi. Usugu kwa antibiotiki ciprofloxacin mara nyingi hutokana na mabadiliko madogo ndani ya jeni za kawaida za bakteria, gyrA na parC, ambayo kipimo cha kutafuta jeni tu hakiyaoni. Na kwenye mkojo wenye spishi mbili hamwezi kujua ni ipi iliyobeba jeni ya usugu. Toeni jina la bakteria siku hiyohiyo kwa PCR, otesheni sampuli hiyohiyo, na jibu la dawa lifuate baada ya bakteria kuota na kupimwa.