Jibu: Yule msichana wa nywele za dhahabu kwenye filamu ya Hatari!

Dada wa Moshi, umeuliza yule binti mwenye kampuni ya kukamata wanyama ni nani, na kama ndiye Elsa Martinelli. Siye. Martinelli ni yule mpiga picha Mwitaliano, mwenye nywele nyeusi, anayelea ndama wa tembo. Huyo wa nywele za dhahabu, anayeitwa Brandy, ni Michèle Girardon, Mfaransa aliyezaliwa Lyon tarehe 9 Agosti 1938.

Wengi huwachanganya kwa sababu mabango yalimkuza Martinelli pamoja na John Wayne, nyota wa filamu hiyo. Tazama pale Pockets, mmoja wa wakamata wanyama, anapoanguka kutoka kwenye uzio: Brandy anamkimbilia kwa hofu, na hapo ndipo siri ya moyo wake inapofichuka. Girardon anasema yote kwa uso tu.

Uwezo huo alikuwa nao tangu awali. Kwenye filamu ya Luis Buñuel, La Mort en ce jardin (1956), akiwa bado kijana mdogo, alicheza binti bubu na kiziwi, bila neno hata moja. Anza na hiyo. Kisha tafuta filamu fupi ya Éric Rohmer, La Boulangère de Monceau, ambamo ndiye Sylvie.

Hatari! yenyewe waliipiga huku kwetu mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Ukitaka kuona eneo lenyewe, kata kushoto baada ya Usa River ukitokea Arusha, uelekee Momella.

Inauma kwamba Girardon alifariki Machi 1975, akiwa na miaka 36 tu.