Je, serikali iweke ukomo wa mishahara ya makocha wa vyuo vikuu Marekani?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Columbus, Ohio. Mkubwa ameanza mwaka wa kwanza chuo kikuu cha jimbo na kila muhula tunajibana kulipa ada. Juzi akaniambia kocha wa futiboli ya Kimarekani pale chuoni analipwa zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka, naye ni mtumishi wa umma! Kwa nini serikali haiweki ukomo? Na je, ni ada yangu inayomlipa?

JIBU: Nzuri, mama, na hongera kwa kumfikisha mtoto chuo. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalouma.

Kiwango alichokutajia mwanao ni cha kweli. Mkataba mpya wa Ryan Day, kocha wa chuo kikuu cha Ohio State, uliotangazwa mwaka 2025, ni wa wastani wa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Lakini idara ya michezo ya chuo hicho hujiendesha kwa haki za matangazo ya televisheni, wachangiaji, na tiketi za uwanja unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Ada yako haiendi kwake. Wenye sababu kubwa zaidi ya kulalamika ni wazazi wa vyuo vidogo, ambako televisheni hailipi kitu cha maana na timu huendeshwa kwa sehemu kubwa na tozo za wanafunzi pamoja na ruzuku ya chuo. Kocha wa huko halipwi milioni 12, ila anacholipwa kinatoka karibu kabisa na mfuko wa mzazi.

Sasa ukomo. Vyuo vyenyewe vilishawahi kuujaribu. Mwaka 1991 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipitisha kanuni kwamba kocha msaidizi wa ngazi ya chini asilipwe zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo, na 4,000 nyingine kwa kazi za kiangazi. Dola 16,000 tu! Ona mzigo ulimwangukia nani. Makocha wakuu hawakuguswa hata senti. Waliobanwa ni vijana waliokuwa wakianza kazi, wenye kodi ya nyumba na watoto wadogo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi, mojawapo ya mahakama za rufaa za serikali kuu, ikasema waajiri wanaoshindana hawawezi kukaa pamoja na kupanga mshahara wa mfanyakazi, kwa kuwa hilo linavunja Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, sheria ya ushindani wa kibiashara. Mwaka uliofuata NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza shauri. Kwa hiyo vyuo haviwezi kukubaliana vyenyewe kwamba kocha asizidi kiasi fulani.

Jimbo ni jambo jingine. Tangu mwaka 1943 Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba Sheria ya Sherman haizuii jimbo linapotumia mamlaka yake ya kutunga sheria. Bunge la Ohio likitaka, linaweza kuweka ukomo kwa vyuo vyake kesho. Ugumu ni kwamba Michigan iko jirani na haitafungwa na sheria ya Ohio, wala vyuo binafsi kama Notre Dame. Tena fedha ikizibiwa mfuko mmoja hupitia mwingine. Florida ina sheria inayowekea ukomo fedha za walipa kodi zinazoweza kumlipa rais wa chuo kikuu cha jimbo; kinachozidi hutolewa na taasisi ya wachangiaji wa chuo, na mshahara unabaki mnono vilevile.

Serikali kuu nayo imejaribu njia ya kodi. Sheria ya mwaka 2017 inamtoza mwajiri asiyetafuta faida asilimia 21 ya malipo ya mfanyakazi yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Vyuo binafsi vimelipa. Vyuo vingi vya majimbo vinasema vyenyewe ni viungo vya serikali, hivyo havihusiki. Mimi naona hilo ni tundu linalopaswa kuzibwa kabla ya kuzungumzia ukomo.

Na hii mishahara imefikaje huko? Kwa miongo mingi wachezaji walikatazwa kulipwa. Fedha za televisheni ziliingia, hakukuwa na mwenye hisa wa kugawiwa faida, na kijana aliyevunjika goti uwanjani hakuwa na haki ya kudai. Basi zikaishia kwa makocha na majengo. Tangu Julai 2025, baada ya suluhu iliyoidhinishwa na mahakama, chuo kinaweza kuwagawia wachezaji mapato yake; kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Kila dola inayokwenda kwao ina nguvu zaidi ya kumbana kocha kuliko tangazo lolote la gavana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: serikali isipange mshahara, ipange masharti ya mkataba. Donda lenyewe liko kwenye fidia ya kufukuzwa. Novemba 2023 chuo kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha wake aitwaye Jimbo Fisher na kujikuta kikidaiwa naye zaidi ya dola milioni 75, na mkataba haukupunguza hata senti iwapo angepata kazi kwingine. Ni fedha ya mtu kutofanya kazi! Bunge la jimbo lina haki kamili ya kusema: chuo chetu hakitasaini fidia inayozidi mshahara wa mwaka mmoja, na kocha akiajiriwa kwingine, anachopata huko kikatwe kwenye deni letu.

Wewe mwenyewe una pa kuanzia. Kwa sheria ya Ohio, mkataba wa kocha wa chuo cha umma ni nyaraka ya umma. Mwandikie msimamizi wa nyaraka za umma wa chuo, huna haja ya kueleza sababu. Ukiupata, tafuta kwanza kifungu cha kuvunja mkataba bila kosa, kisha kile kinachosema nani analipa: chuo, au taasisi ya wachangiaji. Ukikwama kwenye lugha ya kisheria, nitumie kurasa hizo tuzisome pamoja.