Mota ya sehemu ya kuotea moto nje

Ndani, pale moto unapogusa, mota (mchanganyiko wa kuunganishia tofali) isiwe ya saruji na mchanga peke yake. Saruji iliyoganda ikifika nyuzi 400 hadi 500 huvunjika ndani kwa ndani, jointi (maungio kati ya tofali) zinabaki ungaunga. Fundi akisema aongeze saruji iwe kali, mkatalie: mota kali hupasua hadi tofali.

Changanya ndoo 3 za mchanga uliochekechwa, 1 ya saruji, 1 ya chokaa ya ujenzi na 1 ya udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kusagwa. Lowesha kwanza tofali za kuchoma, la sivyo zinanyonya maji ya mota. Jointi ziwe milimita 5 hivi, nene ndizo zinazopasuka. Ukuta wa nje usiopata moto, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 inatosha.

Kaa wiki mbili, kisha washa moto mdogo siku nne tano mfululizo, ukiuongeza kidogo kidogo. Ukikimbilia magogo, mvuke uliobaki unafungua nyufa.

Udongo mtupu nao unavumilia moto vizuri tu, ila bila paa masika ya Arusha yatausomba.