Baada ya masta, kuna nini? Maswali yenu kuhusu "spesialisti" wa elimu

Barua za safari hii zimetoka Lubumbashi na Likasi, na karibu zote zinaanzia mahali pamoja: mtu amemaliza masomo, amefundisha miaka kadhaa, anatafuta ngazi inayofuata. Nimechukua sita. Zinazouliza bei nimeziacha, maana minervali (ada ya masomo) ya mwaka huu si ya mwaka kesho.

Jambo, Mwalimu. Ninafundisha hesabu Kampemba. Shemeji yangu yuko Marekani, anasomea digrii inayoitwa Ed.S. Hapa nyumbani wameshaanza kumwita dokta. Ni kweli?

Bado, ndugu yangu. Ed.S. ni digrii ya spesialisti wa elimu. Imekaa katikati, juu ya masta na chini ya doktora. Kwa kawaida mtu anaongeza kama krediti 30 juu ya masta yake, mwaka mmoja au miwili, na mara nyingi anamaliza kwa mazoezi ya kazi shuleni kuliko kwa kitabu kizima cha utafiti.

Wamarekani wanaitumia kwa watu wa kazi maalumu: anayetaka kuongoza shule, anayepanga programu ya masomo, anayeshughulika na watoto wasioweza kusoma, mwanasaikolojia wa shule. Na inalipa. Katika jimbo la Georgia, cheti cha mwalimu kina daraja: T-4 ni wa digrii ya kwanza, T-5 masta, T-6 spesialisti, T-7 doktora, na mshahara unafuata daraja hilo. Mwalimu wa kule anaweza kubaki darasani kwake, na chaki yake ileile, akapanda mshahara kwa sababu ya Ed.S. Ndiyo maana wanaikimbilia. Kwa hiyo mpongezeni shemeji, ila hilo jina la dokta mlihifadhi kwanza.

Mimi ni asistanti katika taasisi moja ya ualimu hapa mjini. Nikipata hiyo Ed.S., itanifikisha kwenye uprofesa?

Haitakufikisha, na nakuambia mapema ili usilie baadaye. Ngazi yetu unaijua: asistanti, kisha CT (chef de travaux), kisha profesa associé, na kuendelea. Mlango wa uprofesa una ufunguo mmoja, nao ni doktora iliyotetewa mbele ya jopo.

Watu wanalinganisha Ed.S. na DES yetu, diploma ya masomo ya juu, kwa sababu zote mbili ziko chini ya doktora. Kwa ngazi zinakaribiana, kwa tabia hapana. DES inakufundisha utafiti. Ni njia ya kwenda kwenye thèse, kitabu cha utafiti cha doktora. Ed.S. inakufundisha kazi, na kwa wengi safari inaishia hapo. Mtu anayetaka kubaki chuo kikuu akichukua Ed.S. atarudi na ujuzi mzuri, kisha ataombwa aanze utafiti kama wenzake.

Wewe uko Lubumbashi, na hilo ni jambo la kushukuru. Wazee wetu wa wakati wa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, saikolojia na elimu waliifuata Kisangani, maana ndiko serikali ilikokuwa imeiweka kwa nchi nzima. Leo UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ina fakilte yake ya saikolojia na sayansi za elimu. Nenda pale, lakini usiende na mada tu. Tafuta promoteri kwanza, profesa atakayesimamia utafiti wako. Uliza wanafunzi wake wa zamani: anasoma kazi zao kwa muda gani? Anajibu? Mimi nilipoteza mwaka mzima nikisubiri mtu asome sura mbili (jina lake nalimeza), na mada yangu ilikuwa nzuri sana. Mada nzuri mikononi mwa promoteri asiyesoma inaoza kama embe.

Nilimaliza L2, mwaka wa mwisho wa lisansi, zamani, kabla ya LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora. Nikiomba masomo nje, nijiite mwenye masta au mwenye lisansi?

Andika kile kilichoandikwa kwenye diploma yako: lisansi. Ukibadilisha neno, umeshaharibu faili.

Tatizo ni kwamba jina moja sasa lina miaka tofauti. Lisansi yako ni miaka mitatu ya graduat na miwili juu yake, jumla mitano. Lisansi ya LMD ni miaka mitatu, krediti 180, na masta inaongeza krediti 120. Mtu wa ofisi ya uandikishaji aliye mbali akiona "lisansi" atahesabu mitatu, na atakurudisha chini. Basi mwonyeshe mwenyewe: weka diploma ya G3 (mwaka wa mwisho wa graduat), diploma ya L2, na karatasi za pointi za kila mwaka, mitano yote, pamoja na barua fupi ya chuo inayoeleza mfumo wa zamani. Ile karatasi ya pointi ya G1 uliyoisahau kabatini kwa mama ndiyo itakayokuokoa. Itafute leo, kabla panya hawajaisoma.

Mwanangu wa kike ana masta ya saikolojia. Anataka kusaidia watoto wazito wa kusoma, na ameona masomo ya Marekani. Baba yake anasema tuuze kiwanja cha Katuba. Wewe unasemaje?

Mama, kiwanja kikae kwanza.

Alichokiona binti yako ni chema. Saikolojia ya shule ndiyo kazi ambayo kule inadai kabisa ngazi ya spesialisti: krediti kama 60 baada ya digrii ya kwanza, na ndani yake saa 1,200 za mazoezi, angalau 600 zikiwa shuleni. Masta yake huenda ikapunguza kitu, lakini hizo saa za shule hazikwepeki. Na ninajua kwa nini moyo wake uko hapo. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Mtoto wa benchi la nyuma anayegeuza herufi anaitwa mjinga, kumbe hakuna aliyemketisha chini kumwangalia.

Swali langu kwenu ni hili: akirudi, nani atamwajiri kwa jina hilo? Zungukeni kwanza. Shule nyingi za serikali hapa zinasimamiwa na makanisa, basi mwende kwenye kordinasyo, ofisi ya shule zao, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, mwulize. Pitieni shule binafsi mbili tatu za mjini. Na yeye mwenyewe aombe kukaa muhula mmoja katika shule yoyote ya Kenya au Ruashi, komyuni zetu za hapa mjini, bila mshahara, na watoto watano tu. Baada ya hapo atajua kama anahitaji Marekani au anahitaji meza, kiti na mkuu wa shule mwenye masikio.

Kuna mtu WhatsApp anatoa doktora ya elimu kwa miezi minne, bila kuandika kitu, unalipa kidogo kidogo.

Huyo anauza karatasi. Duka la vitabu lina karatasi za bei nafuu zaidi.

Kama chuo kinajiita cha Marekani, kitafute katika orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza lao la ithibati. Usiridhike na nembo iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Wapo wanaotengeneza chuo na mthibitishaji wake usiku mmoja. Na kabla ya kulipa hata franka moja, uliza wizara yetu huko Kinshasa kuhusu ekivalansi, yaani kama diploma hiyo inatambuliwa hapa.

Kiingereza changu ni cha Kasumbalesa tu, cha kuulizia bei. Hakuna njia ya Kifaransa?

Ipo, kaka wa Likasi, na nashangaa watu wanairuka. Ubelgiji wana masta ya spesializasyo: angalau krediti 60, inachukuliwa juu ya masta kamili, kwa Kifaransa. Kwa umbo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile Ed.S. ya Wamarekani. ARES, shirika linalounganisha vyuo vya Wabelgiji wanaosema Kifaransa, limekuwa likitoa basi za masomo ya aina hiyo, na Kongo iko kwenye nchi zao. Hapa "basi" ni bourse, si ile ya kwenda Kipushi. Soma orodha ya mwaka husika kwa makini, maana si kila spesializasyo inaingia.

Na hicho Kiingereza cha mpakani usikidharau. UNZA, Chuo Kikuu cha Zambia, iko Lusaka, ng'ambo ya mpaka uleule unaoulizia bei.