Kiduara chekundu: kwa wadogo zangu mnaoanza kubuni mifumo ya zahanati

Wiki iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini nikiwaangalia mkiendesha kikao cha ushirikishwaji. Wauguzi 22 kutoka zahanati mbalimbali, chai na maandazi saa nne, projekta ukutani. Mkaonyesha skrini moja baada ya nyingine, zote zimekamilika, zina rangi, zina nembo. Mwisho mkauliza, "Jamani, kuna maoni?" Kimya. Mama mmoja wa mbele akasema mfumo ni mzuri, watu wakapiga makofi, mahudhurio yakasainiwa, posho ikatoka. Kwenye ripoti mmeandika watumiaji wameshirikishwa.

Ripoti nimeisoma, na tangu hapo usingizi umekuwa wa shida. Kabatini kwangu ipo nyingine kama hiyo, yenye sahihi yangu, na najua ilichokuja kuzaa.

Nawapenda, na mnanikera. DHIS2, programu ya kompyuta ya takwimu za afya, mnaijua vizuri kuliko nilivyoijua mimi nilipoanza, vitabu vya MTUHA, vile vya serikali ambavyo zahanati huandikia huduma zake, mmevipitia, hayo sitawafundisha. Nina machache tu ya kuwaambia.

1. Nendeni siku ya kliniki ya watoto. Kila mgeni hupenda kwenda siku tulivu ili apate nafasi ya kuzungumza na mfawidhi, na siku tulivu haina cha kukuonyesha. Nenda siku ambayo benchi limejaa na mizani inaning'inia kwenye mwembe, muuguzi ni mmoja, anapima uzito, anachanja, anajaza kadi ya mtoto, anajaza Kitabu cha 7 cha watoto, anapiga vijistari vya kuhesabia kwenye fomu ya tali, na mlangoni kuna mjamzito anayesubiri kuandikwa kwenye Kitabu cha 6. Kaa pembeni, simu mfukoni, uhesabu ni mara ngapi jina la mtoto mmoja linaandikwa. Siku niliyohesabu mimi yalikuwa mara nne. Kama kishikwambi chako kinakuja kuongeza mara ya tano, rudi nacho ofisini.

2. Karatasi kwanza, kompyuta baadaye. Chukua A4, ikunje iwe na ukubwa wa skrini, chora kwa penseli, mpe muuguzi na kifutio. Mtu akiona kitu kilichochorwa kwa penseli anakifuta bila kukuogopa. Akiona skrini yenye nembo ya wizara anasema ni nzuri, maana anajua imeshaamuliwa huko juu na yeye ameitwa kuja kuarifiwa.

Mbinu hii ina wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Norway, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, akiwa upande wao. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani na waliokuwa wakiulizwa ni mameneja. Yeye na wenzake wakauliza mfanyakazi anahitaji kujua nini ili asimame mbele ya mfumo mpya aseme unafaa au haufai. Mwaka 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri nchini humo wakawekeana makubaliano kuhusu mifumo ya kompyuta kazini. Kisha ukaja mradi wa UTOPIA, 1981 hadi 1985, ambapo wachapaji wa magazeti wa nchi za Skandinavia na watafiti walijenga meza za kazi za mfano kwa maboksi na mbao. Boksi tupu liliandikwa ubavuni kwamba ni printa ya leza, mchapaji akafanya kazi yake pale kana kwamba printa ipo kweli, na papo hapo akaanza kuona ni wapi pangemkwamisha. Msidhani haya ni mambo ya mbali. DHIS2 mnayoifungua kila asubuhi imetoka kwenye ukoo huo, kupitia Chuo Kikuu cha Oslo na kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994.

3. Fungueni droo. Hapa nitakaa.

Katika kila zahanati, pamoja na vitabu vya serikali, kuna kaunta buku. Jalada gumu, limefunikwa kwa gazeti, liko kwenye droo ya meza ya muuguzi pamoja na gundi na peremende za watoto. Halikaguliwi wala haliombwi na wilaya. Ndani yake muuguzi anaandika kila kitu ambacho vitabu vya serikali havina nafasi yake.

Miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mradi niliokuwa nausimamia ulitaka kuwakumbusha akina mama tarehe ya kurudi kuchoma sindano ya miezi mitatu. Wengi walikuwa wanachelewa, wengine wanapata mimba wasiyoitaka. Wazo lilikuwa jema na fedha zilikuwepo. Tukaanza na zahanati moja ya kijijini. Sista wa pale alikuwa na umri wa mama yangu mdogo. Aliniita mwanangu, nami nikamwita mama.

Nilipomwuliza kama ana namba za simu za wateja wake, akafungua droo na kuniwekea kaunta buku mezani. Nikafurahi kuliko nilivyostahili. Jina, mahali anapokaa (nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mzee wa ng'ombe), tarehe ya kurudi, namba ya simu. Pembeni ya baadhi ya namba kulikuwa na kiduara kidogo, kimechorwa kwa kalamu nyekundu. Nilikiona. Nikapiga picha kurasa zote, nikashukuru, nikapanda gari. Ofisini vijana wawili wakachapa majina, namba na tarehe. Kiduara hakikuwa na safu kwenye jedwali, kwa hiyo hakikuchapwa.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Kwenye kikao cha wilaya, kilekile cha chai na maandazi, mama yuleyule alinyoosha mkono akasema, "Hizi simu nyingi si za kwao." Nikaitikia kwa kichwa. Kwenye flipchati nikaandika "Changamoto: umiliki wa simu", nikafunua karatasi inayofuata.

Ujumbe tukautuma saa 12 asubuhi. Tulijadiliana sana kuhusu saa hiyo, tukaona inafaa kwa sababu watu hawajaenda shamba. Ulisema: "Habari Bi," kisha jina lake, "tarehe yako ya kurudi zahanati kuchoma sindano ya uzazi wa mpango ni kesho. Karibu." Saa 12 asubuhi simu iko mkononi mwa mwenye nayo. Nyingine zilikuwa zimelala kwenye kibanda cha kuchajia, na kijana wa kibanda anasoma.

Siku ya tatu mama akanipigia. Alisema, "Mwanangu, njoo," akakata.

Nilifika Jumatano, siku ya uzazi wa mpango, siku ambayo benchi lile huwa halina pa kukaa. Lilikuwa tupu. Akaniambia bila kupandisha sauti. Mwanamume mmoja alikuja na simu, akasimama mlangoni mwa chumba cha sindano, akauliza ni nani aliyempa mke wake ruhusa. Mwanamke mwingine alirudishwa kwao, mtoto mgongoni na nguo zimefungwa kwenye kitenge. Akiwa njiani alipita zahanati, akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi, akamwambia, "Mama, si nilikwambia?"

Kisha akafungua droo, akatoa kaunta buku, akaweka kidole kwenye kiduara.

"Hiki hukukiona?"

"Nilikiona, mama."

"Ukadhani ni nini?"

Nikasema nilidhani ni alama ya waliokwisha kuja. Akanyamaza kitambo.

"Si ungeniuliza."

Nimeshauriwa mengi katika kazi hii, na hakuna lililonikaa kama hayo maneno mawili. Miaka mingi yule mama alikuwa akitunza siri za nusu ya wanawake wa kijiji kwa kalamu nyekundu ya shilingi mia chache. Kiduara kile kilikuwa ahadi. Mimi nilikuwa na seva, nikaivunja asubuhi moja.

Tulizima ujumbe siku hiyohiyo. Nikamwambia nataka kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Akakataa. "Ukienda kuomba radhi utazionyesha nyumba ambazo bado hazijajulikana." Kwa hiyo hata radhi sikuomba, isipokuwa kwake. Aliipokea, kisha akavuta kiti akaanza kunifundisha. Kwa mteja mwenye kiduara, alisema, tarehe ya sindano huwa anaipanga iangukie siku ya kliniki ya mtoto, mama anakuja na kadi ya mtoto na hakuna wa kumwuliza anakwenda wapi. Alikuwa na mfumo kabla sijafika, wenye tarehe, ufuatiliaji na usiri. Wanawake walirudi mmoja mmoja, ikachukua miezi mingi, na waliowarudisha ni maneno yake yeye. Yule aliyerudishwa kwao sijui aliishia wapi. Kila ninapofungua jedwali lenye safu ya simu namkumbuka.

Mkiona alama, mstari, nukta, rangi, ukurasa uliokunjwa pembeni, ulizeni. Muulize hata kama unadhani unajua.

4. Bosi asiwepo chumbani. Muuguzi hawezi kusema mfumo ni mzigo mbele ya mganga mkuu wa wilaya.

5. Jaribuni kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka na bando linaloisha tarehe 20.

6. Tumieni maneno yao. Wakisema "marudio", usiandike "ziara ya ufuatiliaji". Wakisema "kijiti" na "kitanzi", andika kijiti na kitanzi.

7. Mtu akikitumia kitu chako tofauti na ulivyokusudia, usimrekebishe upesi. Mnaijua M-Pesa, lakini wengi wenu hamjui ilianzia wapi. Jaribio la 2005 kule Kenya, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lililenga watu wa vikundi walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kwa mambo ya biashara na ya nyumbani. Waliokuwa wakiendesha jaribio wangeweza kuandika kwamba watumiaji hawakufuata mafunzo. Badala yake walitazama watu wanafanya nini, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kilichotangulizwa kilikuwa kutuma pesa. Kwenye ripoti zenu nimekuta neno "matumizi yasiyo sahihi" mara sita. Nendeni mkayatazame upya hayo sita.

8. Mwenye kujua mahali ni mkazi wa mahali. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatembeza wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi mtaa kwa mtaa kuchora maeneo yanayofurika. Picha ya angani inaonyesha paa. Mkazi anakuonyesha alama ya maji ukutani kwake, na mjumbe anajua shina lake linaishia mtaro gani. Nanyi mkienda kijijini anzeni kwa mjumbe, tena mmpe muda wa kutosha, mzee wa watu ana mambo mengi ya kusema na karibu yote yanahusu kazi yenu.

9. Hili ndilo mnalolikwepa. Kabla ya kikao, andikeni kwenye karatasi ni jambo gani mtaliacha kama wauguzi wakilikataa. Kama karatasi imebaki nyeupe, futeni kikao, waacheni wauguzi na wagonjwa wao. Kuna kijana mmoja kati yenu aliniambia ukumbini, "Dada, tukiwaachia waamue, ratiba ya mfadhili itavurugika." Itavurugika, ndiyo. Nimewahi kuivuruga kwa wiki saba, kwa sababu ya swali moja tu ambalo mama yule alitaka liwe la kwanza kwenye fomu, kabla ya namba yenyewe: "Simu hii ni ya nani?" Majibu alinitajia mwenyewe, nami nikaandika kwa penseli: yangu peke yangu, ya nyumbani, ya jirani, nisipigiwe. Akayasoma, akachukua kifutio, akalifuta la mwisho na kuliandika juu kabisa. "Likiwa chini hatalifikia," alisema. "Atakuwa ameshaona aibu, achague lolote."

Mfadhili alilalamika. Swali lipo mpaka leo, na "nisipigiwe" iko juu.

Alhamisi naenda kwake. Amestaafu mwaka jana lakini siku ya kliniki bado anakuja kumsaidia binti aliyempokea kazi, na kaunta buku amemwachia. Gari linaondoka saa 11 alfajiri, nafasi ziko tatu. Njooni na A4 na penseli, vishikwambi viacheni ofisini. Na mmoja wenu apitie sokoni Jumatano jioni anunue peremende, za kwenye droo zinaisha upesi.